Koki, propela na mabomba ya shaba baharini: soma rangi kabla ya kushika spana

"Fundi, si ulisema hii ni shaba? Shaba haiozi."

Nahodha aliyeniambia hivyo alikuwa ameshika mpini wa koki ya kuingizia maji ya bahari, pamoja na nusu ya koki yenyewe. Nusu nyingine ilibaki kwenye bao la boti. Bahati yake boti ilikuwa imelala mchangani, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yameshakupwa, la sivyo tungekuwa na mazungumzo ya namna nyingine. Pale ilipokatika palikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto, na ukikwangua kwa ukucha unatoka unga.

Koki ile ilikuwa brasi ya bomba la nyumbani, imenunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, ikapigwa rangi na kupewa kazi ya baharini. Kesi nyingi ninazoletewa ni ndugu wa hiyo. Tunaita "shaba" vitu sita tofauti, kisha tunashangaa kwa nini kimoja kimedumu miaka 20 na kingine hakikumaliza misimu miwili ya kusi.

Basi tuelewane majina kwanza. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Bronzi ni shaba na bati, au shaba na alumini. Brasi ya majini ina shaba kama asilimia 60, zinki 39 na bati 1. Hiyo asilimia moja ya bati inapunguza kasi ya kuoza, haiizuii kabisa. Gunmetali ya kawaida ni 85-5-5-5: shaba 85, bati 5, zinki 5, risasi 5, na ndiyo ninayopenda kwa koki. Propela za meli kubwa nyingi ni bronzi ya nikeli na alumini, yenye shaba kama asilimia 80, alumini 9 hadi 10, na nikeli na chuma 4 hadi 5 kila kimoja. Mabomba ya maji ya bahari ni shaba-nikeli ya 90 kwa 10, yenye chuma kidogo ndani yake. Halafu kuna "bronzi ya manganizi", jina linalodanganya: ina shaba kama 58 na zinki karibu 39, kwa hiyo ni brasi iliyovaa kanzu ya bronzi.

Sasa angalia chombo chako kinaonyesha nini.

Kijani

Hapa hapana ugonjwa. Shaba ikikaa kwenye hewa ya chumvi hujivika utando, na utando huo ndio ngozi yake. Cha kukushtua ni kijani cha sehemu moja tu, mfano chini ya nati, kilicholowa saa zote. Hapo kuna mvujo mdogo. Boti ikiwa pwani, kaza kidogo, futa, uone baada ya siku mbili kama kinarudi. Ila tabia ya kusugua kila kitu kwa brashi ya waya hadi king'ae, tuiache. Unachuna ngozi, na bahari inalazimika kula shaba nyingine ili kutengeneza ngozi mpya.

Brasi imegeuka waridi au nyekundu

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Bahari imefyonza zinki kutoka kwenye brasi na kuacha shaba tupu yenye matundu kama sponji. Umbo linabaki lilelile, unene uleule, hata nati zinakaa mahali pake. Nguvu ndiyo imeondoka. Ndiyo maana koki inaonekana nzima asubuhi na kukatika mchana.

Anza na vipimo visivyo na gharama. Kwangua kwa ncha ya kisu mahali pasipo na rangi: brasi nzima inatoa rangi ya dhahabu, iliyooza inatoa waridi. Igonge taratibu kwa nyundo ndogo: nzima inalia kama kengele, iliyooza inajibu kama kibuyu. Tazama kwenye hesi pia, maana unga mweupe uliogandamana pale mara nyingi ndiyo zinki iliyotoka. Weka na sumaku. Ikinata kwenye mwili wa koki, ulichouziwa ni chuma kilichopakwa rangi ya njano.

Sababu ninazokutana nazo zaidi ni brasi ya nyumbani. Ukiona imegongwa CW617N, hiyo ni brasi ya kawaida, kazi yake ni bafuni. Baada ya hapo ni shafti, bolti au propela ya bronzi ya manganizi iliyokaa bila kipande cha zinki cha kuilinda. Inayofuata ni brasi iliyoungwa na chuma cha pua, kwa sababu ndani ya maji ya chumvi chuma cha pua ni bwana na brasi ndiyo mtumwa anayelipa. Mwisho ni maji kutuama: boti iliyofungwa miezi mitatu, koki imefungwa, maji ya joto ya pwani yetu yamekaa ndani bila kwenda wala kurudi.

Dawa ni kubadilisha. Brasi iliyogeuka sponji hairudi, na kupaka epoksi juu yake ni kumvika maiti suti. Nunua gunmetali, bronzi ya nikeli na alumini, au brasi iliyotiwa arseniki kidogo kuzuia zinki isitoke. Hiyo hugongwa DZR, CR au CW602N. Muuzaji akisema "hii ni ya bahari" na hakuna alama yoyote, bei yake iwe ya bafuni na kazi yake iwe ya bafuni.

SIMAMA HAPA: koki iliyoonyesha waridi na iko chini ya maji, usiikaze, usiilegeze, wala usiichezee mpini boti ikiwa inaelea. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya maji linaingiza lita 50 na ushee kwa dakika, yaani zaidi ya ndoo mbili kubwa, na mtu mwenye kopo hawezi kushindana nalo kwa muda mrefu. Subiri bamvua, pandisha chombo, ndipo uifungue. Na kila koki ifungiwe kwa kamba kibanzi cha mti laini kilichochongwa kwa umbo la pia, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, cha kuzibia tundu. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa hapandi boti isiyo na vibanzi hivyo, na sisi vijana tulikuwa tukimcheka.

Propela inang'aa kama mpya, na zinki inaisha upesi

Mtu huja anafurahi: "Fundi, propela imejisafisha yenyewe!" Haikujisafisha. Shaba iliyo salama ndani ya maji huwa ya kahawia au ya kijani. Ikitoka majini uchi, inang'aa, mikwaruzo imelainika kama pipi iliyolambwa, kuna umeme unaoila.

Kwanza, je, zinki ipo? Kile kipande kinachofungwa kwenye shafti kipo ili kiliwe badala ya propela. Kikiwa kimebaki nusu, badilisha. Kikiwa kizima kabisa baada ya mwaka, usishangilie, maana hakifanyi kazi: ama kimepakwa rangi, ama kimekaa juu ya rangi, ama shafti ina grisi pale kinaposhika. Safisha kwa msasa hadi uone shaba tupu, kaza, na usipake zinki rangi hata siku moja. Grisi yenye grafaiti nayo usiitumie chini ya maji, kwa sababu grafaiti inakula karibu kila metali inayoigusa baharini.

Kama zinki ilidumu miezi minane miaka yote na sasa inaisha kwa wiki tatu, sahau zinki, tafuta umeme unaovuja. Mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo), kiungo chake kimefungwa kwa selotepu na kinalala kwenye maji ya chumvi. Wa pili ni kifaa kilichoongezwa baadaye, redio au taa, ambacho hasi yake imeshikizwa kwenye kipande chochote cha chuma kilichokuwa karibu. Wa tatu ni umeme wa gatini: boti mbili zilizochomekwa kwenye nguzo moja zimeunganishwa na waya wa ardhi, na zinki yako inamlinda jirani asiye na zinki.

Kutafuta ni rahisi. Zima kila kitu. Ondoa waya wa chanya kwenye betri, weka mita ya kupimia ampea kati ya waya na betri. Isomeke sifuri, au miliampea chache kama kuna saa au kengele. Inasoma zaidi? Chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anaangalia mita. Fyuzi itakayorudisha sifuri ndiyo ya njia yenye kosa. Usiidharau ampea moja: ikivuja mfululizo mwaka mzima inaweza kuondoka na kilo 10 za shaba au zaidi, na propela ya boti nyingi za uvuvi haifiki uzito huo.

Mwenye mita nzuri na kipimo cha kulinganishia, kile cha madini ya fedha na kloridi ya fedha, anaweza kupima ulinzi wenyewe. Zinki peke yake majini husoma karibu milivolti 1,030 chini ya sifuri, bronzi karibu 250 hadi 300 chini. Ukifunga zinki, bronzi ishuke milivolti 200 hivi kutoka pale ilipokuwa. Isiposhuka, muunganiko ni mbovu.

SIMAMA HAPA: chombo kikiwa kimechomekwa umeme wa gatini, usiingie majini kukagua propela na usifungue sanduku la umeme. Chomoa, mwite fundi umeme mwenye leseni. Volti 12 zinakula shaba, ila 230 zinakula watu.

Bao linalia kutu, au mti umelainika kuzunguka koki

Hii ni ya wenye mashua na majahazi ya mbao, na haimo kwenye vitabu vingi vinavyoandikwa kwa ajili ya boti za faiba.

Ukiona machozi ya kutu chini ya koki ya shaba, shaba yako ni nzima. Wanaokufa ni misumari ya chuma iliyo jirani. Shaba kubwa na msumari mdogo, kati yao mti uliolowa chumvi: msumari unakwenda. Jeshi la majini la Uingereza lilijifunza hili kwa hasara. Mwaka 1761 waliivika meli ya HMS Alarm mabamba ya shaba chini yote, wakayashikiza kwa misumari ya chuma. Ilipokaguliwa 1763 misumari mingi ilikuwa imeliwa na mabamba yananing'inia, isipokuwa mahali ambapo karatasi za kufungia mabamba hazikuondolewa na zikatenga shaba na chuma. Kwa hiyo fanya kama karatasi ile: weka kipande cha mti mkavu kilichokolezwa sifa (mafuta ya papa) kati ya koki na bao, ziba vizuri, na misumari ya eneo hilo iwe ya shaba au bronzi.

Kinyume chake ni mti kugeuka laini, nyuzinyuzi kama kumbi, na kuzunguka bolti kuna ukoko mweupe. Hapo sababu ni zinki kupita kiasi. Mtu kasikia zinki ni nzuri, akafunga nne na kuunganisha kila kitu kwa waya. Ulinzi unaozidi hutengeneza magadi kwenye shaba, na magadi yanapika mbao. Punguza zinki, ondoa waya zinazounganisha koki ambazo hazikuwa na shida, safisha ukoko kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na siki kidogo. Kisu kikizama kwenye mti zaidi ya unene wa kucha, mwite fundi wa mashua aamue kama bao linakatwa. Hiyo si kazi ya spana.

Bomba la kupoza injini linavuja kwenye kiwiko

Likate, lipasue, tazama ndani. Ukiona vishimo safi vyenye umbo la kwato, kama farasi kapita akielekea maji yanakotoka, ni mwendo wa maji. Utando umechunwa na mkondo.

Sababu ya mara kwa mara ni uchafu: kipande cha kombe au plastiki kimekwama, maji yanapita pembeni yake kwa kasi na kuchimba nyuma yake. Safisha chujio kabla ya kununua chochote. Ya pili ni pampu kubwa kwenye bomba dogo. Bomba kubwa la milimita 100 na zaidi la 90 kwa 10 linavumilia mita 3.5 kwa sekunde, dogo halifiki hapo. Kwa bomba lenye tundu la milimita 25 mimi natumia ndoo: maji ya kutoka yajaze ndoo ya lita 20 kwa sekunde 20 hivi, ambayo ni mita 2 kwa sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, umeshafika mita 4 na kiwiko hakitadumu. Weka kiwiko chenye mpindo mrefu, au pampu ndogo.

Ukiona weusi unaonuka yai viza, hiyo ni salfaidi kutoka maji machafu ya bandari au tope la mikoko. Bomba jipya ndilo linaloumia zaidi, maana halijapata ngozi. Ngozi huanza kwa saa chache lakini hukomaa kwa miezi miwili mitatu. Chombo kikiwa na mabomba mapya, kipeleke maji safi ya nje kikafanye kazi huko kwanza, usikifunge wiki nzima kwenye hori. Kikikaa muda mrefu, toa maji ya bahari ndani ya mabomba na suuza kwa maji baridi. Brashi ya kusafishia iwe ya nailoni.

SIMAMA HAPA kama mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa. Kipozeo kimetoboka. Usiwashe tena hata kusogeza boti, ita fundi injini.

Nati au kola ya brasi imepasuka bila kuguswa

Mpasuko mwembamba, hakuna kuliwa, hakuna waridi. Ni brasi iliyokazwa kupita kiasi ikakutana na amonia. Karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya brasi yanapasuka yenyewe msimu wa mvua. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi, na mkojo wa farasi ndio uliokuwa unatoa amonia. Kwetu farasi ni wachache, ila papa tunaye. Nyama ya papa ina urea inayogeuka amonia, na kila aliyewahi kufungua mzigo wa ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) anajua harufu ninayoisema. Mashua inayobeba papa isiwe na kola za brasi ndani ya ngama. Weka bronzi. Na punguza mkono: ukiongeza bomba kwenye spana ili kukaza brasi, umeshaanza mpasuko.

Propela ina vishimo vya sega mgongoni mwa jani

Ni viputo vya maji vinavyopasuka juu ya jani. Kwanza tazama kamba au wavu uliojizungusha, kisha makombe kwenye mkuku mbele ya propela, kisha jani lililopinda. Baada ya hapo ndipo ufikirie kwamba propela haikufaa boti tangu mwanzo. Vishimo vidogo pembeni lainisha kwa tupa, majani yote sawa, ili propela isitetemeke.

SIMAMA HAPA: ufa wowote karibu na shina la jani, usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Kanuni za meli kwa kawaida haziruhusu kuchomelea upande wa jani unaosukuma maji kuanzia shinani hadi asilimia 40 ya nusu-kipenyo, maana hapo ndipo mzigo ulipo. Bronzi ya manganizi ikichomelewa isipopashwa joto tena kuondoa mkazo, itapasuka kando ya weldi. Na moshi wa zinki unampa mchomeleaji homa ya usiku mmoja. Ni karakana ya propela tu.

Propela nzima, zinki nzuri, lakini imejaa makombe

Humphry Davy aliliona hili mwaka 1824. Alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye meli zilizovikwa shaba, shaba ikaacha kuliwa kama alivyotaka, kisha makombe yakaota. Shaba huwafukuza viumbe kwa sababu inayeyuka kidogo kidogo. Ukiizuia isiyeyuke, imekuwa mwamba kama mwamba mwingine. Kwa hiyo usiondoe zinki. Kila bamvua kwarua makombe kwa kipande cha mti au plastiki ngumu, si kwa tindo.